Mshale wa Kijito

Kila siku saa kumi alasiri nilimmiminia Papa, baba yangu, chai, naye akawa anafuta dira yake kwa kitambaa cha flaneli, ingawa tangu mwezi wa tano hakuna aliyemtuma kupima chochote. Alasiri moja ya mwaka 1955 kitambaa kilisimama ghafla. Mlangoni petu, hapa mtaani Mangobo, alikuwa Assumani, mpagazi wake wa zamani, ameegemea fimbo.

"Papa Wenceslas, ungali unasugua tu? Itaisha hiyo."

"Karibu, ndugu. Muguu iko namna gani?"

"Mulima wako ulikula vidole viwili. Bon, ulikuwa na njaa kuliko sisi."

Wakacheka. Mimi sikuweza.

Miaka miwili kabla, Papa alirudi kutoka Ruwenzori na homa, daftari lake limelowa mvua. Ofisi ya ramani ilitaka nakala safi Jumatatu asubuhi. Mimi nilikuwa na mwandiko wa shule ya ualimu, basi nikanakili. Katika ukurasa mmoja maji yalikuwa yamefuta mshale, ule unaoonyesha kijito kinashukia upande gani. Papa alikuwa amelala akitetemeka, nikaona haya kumwamsha kwa jambo dogo vile. Nikauchora ukielekea kambini. Ukurasa ulipendeza zaidi hivyo.

Ramani ikachapwa. Mwaka huu kikosi kingine, Assumani akiwamo, kilipotea kwenye ukungu, wakafanya kama wapagazi wote wanavyofanya: wakafuata maji, maana ramani ilionyesha yanashukia kambini. Maji yakawashusha upande wa pili wa mlima, siku tatu katika baridi, bila chakula. Ofisi ikafungua ile nakala, ikaona jina la Papa, ikamwachisha kazi.

"Ni macho yangu," Papa akamwambia Assumani polepole. "Nilisimama pale kwenye kijito. Nilikunywa maji yake. Halafu nikaandika upuuzi. Unisamehe."

"Papa, uzee ni wa wote. Acha."

Assumani akainuka kuaga. Papa akaifunga dira ndani ya kitambaa chake na kumwekea mkononi.

"Uchukue. Mutu asiyejua maji inaenda wapi, ya nini kwake?"

Nilikuwa nimeshika kikombe chake. Nikakiweka chini.

"Papa," nikasema. "Ule mshale ulifutwa na mvua. Ni mimi niliuchora. Sikukuuliza."