Miduara ya Minyaa

Milembe alikuwa na swali moja tu kuhusu mashine ya Mihayo, na hakuna aliyewahi kumjibu akaridhika. Mtu anachoma petroli saa nzima, anazunguka angani, kisha anashuka palepale alipoondokea.

"Sasa umekwenda wapi, baba?" alimuuliza kila Jumapili.

"Sijaenda popote, shangazi. Nimeruka tu."

Mihayo alikuwa mtoto wa kaka yake, Mboje. Alikuwa fundi wa magari mjini Bariadi, na kila Jumamosi asubuhi alirusha giropleni, kindege kidogo, kutoka kiwanja cha vumbi nje ya mji. Ilikuwa na viti viwili, kimoja nyuma ya kingine, bila dirisha wala mlango. Injini ilikuwa mgongoni ikisukuma, na yale mapanga marefu ya juu yalizungushwa na upepo wenyewe. Kijijini kwa Milembe, Nkololo, watu waliiita bajaji ya angani. Milembe hakuiita chochote, alikuwa anaiombea tu isimwangukie mtu.

Jumapili moja ya mwezi wa nane, wakila ugali na mlenda, Mihayo aliuliza jambo. "Shangazi, kule porini kuna nini kinalimwa kwa duara? Nchi yote imekauka, ila naona miduara ya kijani, na ndani yake hamna kitu."

Milembe alisitisha tonge hewani. Akatazamana na Mboje.

"Ni minyaa," Mboje alisema taratibu. "Ni miji ya watu."

Kijana alikuwa hajui. Zamani kila mji wa Msukuma, yaani boma la familia moja, ulizungushiwa ua wa minyaa, na minyaa haina adui: kiangazi hakiikaushi, mbuzi haili, moto wa kuni hauitaki, na utomvu wake mweupe ukiingia jichoni utajuta. Mwaka wa sabini na nne, watu walipohamishiwa vijijini, nyumba zilibomolewa na miti ikaishia kuwa mkaa. Ua ukabaki.

Milembe alikuwa na miaka tisa wakati huo. Mama yake alikuwa amefariki mwaka mmoja kabla, akazikwa ndani ya ua. Siku lori lilipokuja, baba yao alipakia mtama, kuku na watoto wawili, na kaburi likaachwa. Baba naye hakuishi muda mrefu. Tangu wakue, Milembe na Mboje walikuwa wamelitafuta lile kaburi kwa miguu mara saba au nane, na kila mara walirudi na miiba tu. Kila mwezi wa Novemba, siku ya marehemu wote, wenzake wa kanisani walikwenda kupalilia makaburi ya wazazi wao. Milembe alibeba jembe akawasaidia, kisha akarudi nyumbani akiwa na hasira asiyojua aipeleke kwa nani.

"Hicho kiti cha nyuma," alimwambia Mihayo, "kinabeba mtu wa kilo ngapi?"

Mboje alikataa katakata kuruka. Alisema ardhi inamtosha. Hivyo Jumamosi, saa moja asubuhi, Milembe ndiye aliyefungwa mkanda nyuma ya Mihayo, amevaa sweta mbili na kofia ngumu yenye spika masikioni. Mashine ilipoiacha ardhi alifumba macho akasali Salamu Maria tatu. Alipoyafumbua, Bariadi ilikuwa imeshakuwa mabati madogo na barabara nyekundu, na woga ukamtoka bila kuaga. Aliona mbuzi wakinywa maji. Aliona mwanamke akitandaza dagaa juu ya paa la banda, asijue kama anatazamwa. Kumbe ndiyo maana huyu mtoto haendi popote, alijisemea.

"Twende wapi, shangazi?" sauti ya Mihayo ilimjia masikioni.

"Unayaona yale mawe makubwa? Kisima chetu kilikuwa chini yake. Tukitoka pale na ng'ombe asubuhi, tunafika nyumbani jua likiwa utosini. Kwa hiyo pita, nenda mbele sana."

Mihayo alipita, akaenda mbele sana. Miduara ilikuwepo, mitano, sita, tisa, lakini hakuna hata mmoja uliomwambia kitu. Walizunguka mpaka Mihayo akasema mafuta yanataka warudi. Milembe alikuwa amejiahidi kwamba hii ndiyo mara ya mwisho kutafuta, na mara ya mwisho ilikuwa inaisha.

Walirudi chini chini, kimo cha yale mawe. Hapo ndipo Milembe alipoona kitu alichowahi kukiona akakisahau. Alipokuwa akichunga ng'ombe alipanda juu ya mawe yale kila siku kuangalia kama moshi wa jikoni umeanza, na kutoka juu, kwao kulionekana hivi hivi: duara kubwa la watu, limegandana na dogo la ndama, mlango ukitazama mawe. Yalikuwa palepale, karibu kabisa na mawe. Kutoka kisimani mtu mzima angetembea nusu saa.

"Ni hapo," alisema. Kisha akaanza kucheka na kulia pamoja, hata Mihayo akageuka kumwangalia. Ng'ombe hatembei, anakula njia nzima. Anasimama, anarudi nyuma, anafuata jani. Yeye na Mboje, watoto wa kuchunga, walikuwa wameupima umbali kwa mwendo wa ng'ombe, na kwa miaka yote hiyo walikuwa wakiupita mji wao na kwenda kuutafuta mbele.

Jumatatu walikwenda kwa pikipiki, Milembe na Mboje, na jembe moja. Ule mji sasa ulikuwa ndani ya ngitili ya mtu, majani marefu yaliyohifadhiwa, mifugo isiingie mpaka kiangazi kikali. Kabla hawajafika kwenye minyaa, mama mmoja mzee alitokea na panga mkononi. Jina lake Nyanjige, na ngitili ilikuwa yake.

"Mwangaluka," Mboje alimsalimia.

"Mwangaluka. Nyie ndio mliotuzungukia juzi na lile dudu? Mmekuja kupima? Hapa hapauzwi."

"Hatutaki ardhi, dada," Milembe alisema. "Tulizaliwa humu. Mama yetu yumo ndani. Tunaomba tumwone tu, kisha tutaondoka."

Nyanjige aliwatazama mmoja mmoja. Akalishusha panga.

"Niliolewa hapa mwaka themanini na tatu," alisema. "Baba mkwe akanileta mpaka hapa, akaniambia, humu kuna mtu wa watu, ng'ombe asiingie. Hajaingia. Hata mwaka wa ukame, majani ya humu hatukulisha. Kila tukifungua ngitili naingia kwanza mimi, nafyeka kidogo pale kwenye mawe ya kaburi, namsalimia kama mama. Namwambia, mwangaluka, mayu. Basi, naendelea na kazi."

Milembe alikaa chini kwenye majani, jembe likamtoka mkononi. Miaka yote ile alikuwa akilia kwamba mama yake hana wa kumpalilia. Alilia tena sasa, kwa sauti, bila aibu, na Mboje akasimama karibu yake akijifanya anatazama pikipiki.

Nyanjige alimsubiri. Alipoona ametulia, alimnyooshea mkono akamwinua.

"Jina ndilo sikuwahi kuambiwa," alisema. "Anaitwa nani?"

"Kwandu."

Nyanjige alilirudia mara mbili polepole, alishike vizuri. Kisha akatangulia kuingia ndani ya ua, akainama mbele ya mawe, akamsalimia Kwandu kwa jina lake na kumwambia kwamba ana wageni.