Mama wa Kwenye Kishkwambi

Bibi mmoja ambaye hakuna mwalimu aliyepata kumwona aliingia darasani bila hodi, fimbo mkononi, shuka jekundu begani, akauliza, "Yuko wapi huyo mama asiyeitikia salamu?"

Domina akaacha kufuta ubao. Watoto wote wa darasa lake la kusoma, nje kidogo ya Kilosa, wakageuka.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Wewe una adabu. Namtaka yule mwingine." Akamnyooshea fimbo Naishorua, mjukuu wake wa miaka saba. "Huyu kila siku anamwamkia. Yule anajibu bonyeza a, bonyeza e. Mtoto wetu hafundishwi na mtu wa namna hiyo."

Ndipo Domina alipoelewa kwa nini Naishorua hajavuka herufi ya kwanza wiki ya pili sasa. Kumbe programu ya kusoma iliyo kwenye kishkwambi ikiongea, mtoto anaiamkia, kisha anaweka mikono magotini na kusubiri kuitikiwa mpaka kipindi kiishe.

Domina alicheka mpaka akakaa chini. Alipoona bibi hacheki, akasimama upesi.

"Ijumaa ataitikia, bibi. Nakuahidi."

"Asipoitikia, mtoto anarudi kwa ndama," alisema Bibi Rutha, akaondoka.

Ijumaa hiyohiyo saa nne asubuhi Domina alikuwa na usaili wa kazi Morogoro, aliousubiri tangu amalize chuo. Hakuona tatizo. Alhamisi angekwenda Mikumi kwa Optatus, waliyetengeneza naye programu, na kurudi jioni. Alifika Mikumi akakuta umeme umekatika, ukarudi Ijumaa saa moja asubuhi.

Sauti ya programu ilikuwa ya Mama Letisia, mama yake Optatus, mwenye gesti. Wakajifungia naye stoo ya magodoro kukwepa kelele za malori.

"Sema marahaba, mama."

"Marahaba, mwanangu. Hujambo? Nyumbani hawajambo?"

"Marahaba tu, mama."

"Nimwache mtoto wa watu njiani? Mifugo haijambo?"

Lori likapiga honi. Mama Letisia akaligombeza, ikabidi waanze upya, na Optatus akaficha uso kwenye godoro kwa kicheko.

Saa mbili walikuwa stendi. "Moro, Moro, siti moja," konda aliita.

"Panda, Domina," Optatus alisema. "Bibi atasubiri Jumatatu."

"Nilimwambia Ijumaa."

Akapanda gari la Kilosa, flashi yenye sauti mpya kiganjani. Saa nne ilimkuta anatazama mashamba ya mkonge, machozi yanamlengalenga, na bado kila akiikumbuka ile honi alicheka, hata abiria wa jirani akasogea pembeni.

Mchana Bibi Rutha alikaa benchi la mbele. Optatus alikuwa ameipanga programu isubiri kwanza sauti ya mtoto.

"Shikamoo," Naishorua alinong'ona.

"Marahaba, mwanangu. Hujambo?"

Naishorua akaruka. "Sijambo."

"Nyumbani hawajambo?"

"Hawajambo."

"Mifugo haijambo?"

"Ndama mmoja anaharisha."

Darasa zima likavunjika mbavu, na Domina akashika meza asianguke.

"Haya, bonyeza a," ile sauti ikaendelea.

Naishorua akabonyeza. Akabonyeza e, akabonyeza i, kisha akamgeukia bibi yake, hajui kama anaruhusiwa kuendelea.

Bibi Rutha akailaza fimbo sakafuni.

"Usinitazame mimi," akasema. "Mwenzako anakusubiri."