Chumvi ya Kasereka

Mutu yangu ya karatasi, mbele aseme neno, sherti nijue kitu anakulaka kama iko peke yake. Sura yake hapana kunisumbua, wala nguo, wala kabila ya mama yake. Ninamufungia mu nyumba, ninafukuza batu bote, ninamuwekea sahani, halafu ninachungulia. Kama anakula sawa vile anakulaka mbele ya pasteri, ninamurudisha kwao. Huyo hana hadisi.

Ginsi hiyo njo ninaandika tangu nitoke ku masomo ya misioni, mwaka ya ine ya primeri, na njo ninaandika paka leo, meno yamenikimbia. Ninatumia kreyo, ile kalamu ya risasi. Karatasi ni ya mifuko ya simenti, ile ya katikati, pale vumbi haifikake. Ninaandika kama maharagi iko ku moto, sababu maharagi na hadisi vinaiva pamoja. Harufu ya kuungua ikifika, hadisi imekwisha, hata kama mutu amebakia katikati ya muto na maji ku shingo. Na hapana mutu aniombe ndoa ku mwisho. Hadisi ya kuishia ku ndoa inaandikwa na mutu asiyeolewa bado.

Tena mutu mumoja simutoake ku mutu mumoja. Miguu ninaiba huku, kikohozi kule, kicheko ninachukua ku matanga, maana ku matanga batu banacheka vizuri. Jina pekee njo ilikuwa nyepesi. Kwetu Banande, jina ya mutoto inafuata mustari ya kuzaliwa. Kijana ya tatu ni Kasereka, azaliwe Luofu, azaliwe Beni. Ukiita Kasereka mu soko ya Butembo, batageuka wengi paka utasahau ulitaka nini. Donc, basi, mulafi ya hadisi yangu moja nilimuita Kasereka. Jina ya batu bote haina mwenyewe.

Hivyo njo nilifikiri. Mwalimu Abdias alifikiri ingine.

Hadisi yenyewe ilikuwa ya mwaka ya uhuru, wakati chumvi ilipotea ku maduka na tulikula sombe ya muhogo bila ladha, sawa majani ya mbuzi. Kasereka yangu alikuwa na fuko nzima chini ya kitanda. Siku ya Mungu anasimama mu kanisa, anaombea bale benye kukosa chumvi, machozi inashuka. Akitoka pale anaingia ku choo na kipande mu kiganja, analamba, anapangusa midomo na mugongo ya mukono, anatoka na uso ya huzuni kama mwenye kutoka kuzika.

Ile hadisi ilisomwa ku mukutano ya bamama ba kanisa, tulipokuwa tunashona. Musomaji yetu alikuwa Berthe, muke ya huyo Abdias. Mimi sauti yangu ni ya chura. Berthe alisoma vizuri paka ku choo. Pale ku mukono na midomo, sauti ikashuka.

“Soma basi, Mama Berthe!” Jokébed akamwambia. Jokébed alikuwa anashonaka pembeni yangu. “Ao na wewe umemeza chumvi?”

Bamama bakacheka paka mumoja akajichoma sindano. Berthe hakucheka. Aliniangalia. Mimi niliangalia uzi yangu.

Maana kweli, ile mukono nilikuwa nimeitoa kwa Abdias. Mukono, na ginsi koo yake inapanda kama anameza. Basi. Maombi na machozi vilikuwa vya muzee moja ya Luofu, kitanda ilikuwa ya jirani, uroho ilikuwa yangu mwenyewe, ninayo ya kutosha kugawia kijiji. Hata kama Abdias alikuwa na chumvi chini ya kitanda, mimi sikujua. Lakini mutu akishajiona mu kioo, umwambie nini? Berthe alirudi kwao, akamwambia bwana yake. Tangu siku ile, tukipishana mu njia, Abdias alikuwa ananisalimia kwa Kifaransa.

Mwaka ya sitini na ine, Basimba, baasi benye bunduki, bakaingia Butembo. Tuliambiwa bamekuja kumaliza kazi ya uhuru. Walianza kutafuta bale walikuwa nawaita penepene, maana yake batu benye kukaa karibu na Bazungu na kula pamoja nao. Mwenye kuvaa miwani, penepene. Mwenye kuwa karani, penepene. Mwenye kuficha bintu ya kula, penepene kabisa. Na bale bote walipandishwa lori ya Beni. Lori ilikuwa inarudia. Batu, hapana.

Abdias alikuwa mwalimu, na miwani, na ile choo ya hadisi yangu ilikuwa inachekwa mu kila jiko. Aliogopa. Hapo sikatai, na mimi niliogopa, hata kuku ziliogopa. Lakini kuogopa ni kuogopa, na kuuza mutu ni kuuza mutu. Hakungojea kuitwa. Alivua miwani, akaenda ku bureau ya zamani ya Babeleji, pale mukubwa ya Basimba alikuwa anaketi, akamwambia: “Ule Kasereka ya chumvi, bamama banamucheka kila siku, ninamujua. Ni Phinées, seremala ya Vulamba. Jina yake ya kuzaliwa ni Kasereka. Uliza mutu yeyote.”

Na walipouliza, kila mutu akasema: ndiyo, Phinées ni Kasereka. Bangesema nini? Ni kijana ya tatu!

Walipekua nyumba ya Phinées, hawakuona hata punje ya chumvi. Basi wakasema: unaona? Ameificha vizuri.

Habari ilinikuta ninachambua maharagi. Jokébed alifika anahema.

“Agar, simama! Phinées bamemufunga ku bureau. Lori ya Beni iko nawekwa esansi. Banasema ni juu ya karatasi yako.”

“Karatasi yangu imesema nini juu ya Phinées?”

“Mimi najua? Abdias njo amesema.”

Nilisimama, maharagi ikamwangika yote. Mama mukwe yangu Hulda alikuwa anaketi ku kizingiti, anaota jua. Alichukua fimbo yake akanifuata.

Kasirani niliyotembea nayo ile siku, hata leo ingeweza kupika chungu bila kuni. Sikukasirikia Basimba kwanza. Simba anauma, njo kazi yake. Nilikasirikia mutu mwenye masomo, mwenye kufundisha batoto kusoma, anayeshika hadisi na kuitumikisha sawa kamba. Miezi nilikaa ku moshi ili nimutengeneze mutu asiyekuwako, na yeye kwa neno moja amemuvalisha mutu ya kweli hadisi ile.

Ku kiwanja ya bureau batu walijaa. Phinées alikuwa chini, mikono imefungwa nyuma, vumbi ya mbao bado mu nywele. Mukubwa ya Basimba alikuwa kijana moja ya Maniema, Lukumani, na ngozi ya ndezi ku kichwa. Abdias alisimama nyuma ya kiti yake, bila miwani, anakunja macho.

“Ni wewe unaandikaka?” Lukumani akaniuliza.

“Ni mimi, baba.” Angeweza kuwa mutoto yangu, lakini mwenye bunduki ni baba.

“Huyu Kasereka ya chumvi ni nani?”

“Hapana mutu. Nilimutunga. Miguu nilitoa kwa moja, macho kwa mwingine. Ni sawa blanketi ya viraka, baba. Huwezi kufunga blanketi.”

“Mama, hapana kunichezea. Mutu hatungwake. Mutu anazaliwa. Kama anakula, anaenda ku choo, basi iko. Iko wapi? Onyesha na kidole.”

Nilimuangalia Phinées. Hakuniomba kitu, na ile njo iliniumiza. Halafu nilimuangalia Abdias. Koo yake ilipanda, ikashuka. Akainua mukono, akapangusa midomo na mugongo ya mukono, pale pale, mbele ya batu bote! Mungu yangu. Sikuhitaji kusema hata neno. Ningeinua kidole tu. Jokébed alikuwa ameshaona. Nilisikia anavuta pumzi. Kidole yangu ilikuwa inawasha.

Mubaya alistahili. Ninaandika tena kusudi musikose kusikia: alistahili. Lakini Berthe alikuwa ku ukuta na mutoto ku mugongo. Na mimi, kama mutu yangu ya karatasi atamupandisha mutu ya damu mu lori, awe muzuri ao mubaya, siku ile ile nitachoma kreyo.

“Ni bwana yangu,” nikasema.

“Bwana yako nani?”

“Sikuli. Naye ni Kasereka, kijana ya tatu. Alikufa mwaka moja baada ya uhuru. Amelala pale Vulamba, mukitaka kumufunga nitawaonyesha kaburi.”

Kwetu mujane hapana kumutaja bwana marehemu kwa ubaya, hata kama alikuwa anamupiga na mupini. Na Sikuli hakunipigaka. Kama mutu alikuwa muzuri mu hii Butembo, ni yeye.

Lukumani akasonya. “Mama, unamubebesha maiti sababu maiti haisemi. Ndugu yake iko hapa?”

Hapo njo nikakumbuka nani alinifuata. Hulda akasukuma batu na fimbo, akafika mbele. Sikumwangalia. Nilijua anaweza kusema “muongo huyu”, na angekuwa na haki, na Phinées angepanda lori, na mimi kando yake.

“Mimi njo nilimuzaa,” akasema.

“Na ni kweli, koko?” akamuita sawa bibi yake. “Alificha chumvi?”

Hulda akashikilia fimbo yake na mikono mbili.

“Ni kweli,” akasema. “Mwanangu alikuwa mulafi. Alikula peke yake. Hata mimi mama yake hakunipatia.” Halafu akatema mate chini.

“Na chumvi iko wapi sasa?”

Hapo nikajibu mimi: “Aliimaliza yote, baba. Unafikiri nini ilimuua?”

Lukumani akacheka. Akicheka mukubwa, batu bote banacheka. Abdias alicheka kuwapita. Phinées walimufungua, wakamupiga makofi mawili matatu ili isionekane walikosea, wakamwambia aende kutengeneza vitanda vyao. Lori iliondoka bila yeye.

Mu njia ya kurudi nilimufuata nyuma. Karibu na nyumba Hulda akasema: “Phinées njo alipiga sanduku ya kuzikia mwanangu. Mvua ilikuwa nanyesha na alipiga tu.” Akaingia ndani, akafunga mulango.

Basimba walikaa, wakafukuzwa, wengine wakakuja. Lakini neno halifukuzwake na jeshi. Batoto ba Vulamba walitunga wimbo, “Sikuli mulamba chumvi”, waliruka kamba nayo. Ndugu za bwana yangu walikutana, wakaamua jina Sikuli isipewe mutoto mu ukoo. Niliwaeleza sababu. Wakanijibu: sababu tunaijua, lakini wimbo pia tunaijua.

Njo nilienda kwa Abdias. Nilimukuta ku masomo, anasahihisha dikte, miwani imerudi ku pua.

“Mwalimu,” nikamwambia, “Siku ya Mungu utasimama mu kanisa. Utasema Sikuli hakuficha chumvi, na Phinées ulimusingizia wewe.”

“Niseme ginsi gani, Mama Agar? Mimi nilimutaja Sikuli? Ni wewe ulisema, kwa kinywa yako. Na mama yake akashuhudia. Mais, vraiment!”

“Unajua sababu gani nilisema.”

“Mimi ninajua kile nilisikia.” Akachovya kalamu mu wino nyekundu. “Tena ninakushauri, acha hizi hadisi. Zinaleta magumu kwa batu.”

Nilimwaga ile wino ku dikte zake. Batoto walifurahi sana. Ni yote nilipata kwake paka leo, na ile mwaka walimuchagua kuwa muzee ya kanisa.

Hulda alingojea nirudi nyumbani, akafungua mulango ya chumba yake, akaniletea karatasi ya simenti amekung’uta mwenyewe.

“Umemuvunja na kreyo,” akasema. “Mutengeneze na kreyo.”

Nikaandika. Nikamusomea. “Huyu siye,” akasema. “Huyu ni malaika, mwanangu alikuwa na miguu ya kunuka.” Nikaweka miguu. “Huyu siye.” Nikaweka kicheko chake, na ginsi alikuwa anaita mbuzi. “Huyu siye, umeandika mbuzi.” Maharagi iliungua mingi mu ile nyumba. Nilimufungia Sikuli mu chumba sawa ginsi yangu, nikafukuza batu bote, nikamuwekea bugali na samaki, nikachungulia. Alikaa tu. Hakugusa. Alikuwa anangojea batu. Ule mwanaume hakuwahi kula peke yake mu maisha yake, na mimi sijui mulango ingine ya kuingilia mutu.

Abdias nilimuandika na mukono moja tu, na alisimama mwenyewe, akatembea, akalamba, akaenda ku bureau. Takataka kama ile inaandikika upesi! Na muzuri anakukatalia paka machozi.

“Umefika wapi na mwanangu?” Hulda aliniuliza kila mara alipoona moshi.

“Iko mu chumba, mama. Anakataa kula.”

“Amefungiwa?”

“Ndiyo, mama, njo ginsi ninaandikaka.”

“Basi mufungulie, mujinga wewe, na uite batu.”