Maji Hayana Haraka

Chupa ya thelathini na nane ilikuwa na maji vidole viwili. Mama Chupa aliiinua hadi usawa wa macho, akaielekeza kulikokuwa kunapambazuka, akangoja. Juu dizeli, chini maji, na katikati yao utando mweusi unaoteleza kama makamasi. Magoti yalimuuma kwa baridi ya zege, lakini hakuinuka mpaka alipoifunga koki ya chini ya tangi na kuipapasa kwa kidole kuhakikisha haivuji. Kisha akakata kipande cha plasta, akaandika tarehe, akakibandika kwenye chupa na kuipeleka rafuni penye chupa nyingine.

Zamani hakuwa akiziweka. Marehemu mumewe ndiye aliyemfundisha kazi: kila alfajiri, kabla tangi halijaguswa, fungua koki, kinga, acha itulie, mwaga maji, rudisha dizeli safi. Tangi lenyewe liliinamishwa kidogo upande wa koki kwa sababu hiyo. "Maji hayana haraka," alikuwa akisema. "Yanakaa chini yanakungoja usahau." Miaka kumi na mmoja hakusahau. Kisha kifua kikambana, akafa, na kampuni kwa huruma yake ikamwacha mjane aendelee kwa jina la marehemu, kwa sababu kubadilisha jina kunataka barua, na barua inataka mtu wa kuiandika. Mwaka wa tatu sasa, marehemu alikuwa akisaini daftari la mnara.

Mnara wenyewe ulikuwa wa simu, juu ya kilima, umezungushiwa seng'enge. Chini yake palikuwa na jenereta, tangi, na chumba kimoja cha mabati kilichokuwa chake maadamu kazi ilikuwa yake. Jirani wa karibu alikuwa mwendo wa saa nzima kwa miguu. Maneno ya watu yalimpita juu ya kichwa mchana kutwa, posa, matusi na habari za misiba, na yeye aliweza kumaliza siku tatu bila kufungua mdomo ila kuikemea jenereta. Alikuwa mpweke, na upweke ule ulimla. Alichokuwa nacho ni Jumapili, saa kumi jioni. Binti yake wa pekee, mtumishi wa ndani katika nchi ya mbali, alikuwa akipewa simu na mwajiri robo saa kwa wiki, na robo saa hiyo ilipita kwenye mnara huu huu aliokuwa akiulisha mama yake.

Tangu mvua zianze, jenereta ilikuwa imezima mara tatu. Mara mbili ilikuwa Jumapili. Betri za akiba zilikufa siku nyingi. Tangazo lililobandikwa mlangoni lilisema mnara ukizima, mlinzi apige simu ofisini mara moja. Apige kwa mnara upi, tangazo halikusema.

Mara ya tatu, ilipowaka tena, alimpigia msimamizi wake.

"Bosi, boza linaniletea mafuta yenye maji. Tena linaleta nusu. Tangi likikaa nusu tupu linatoka jasho kwa ndani, na jasho nalo ni maji."

"Mama, kampuni haiendi kwa maneno," msimamizi alisema. "Inataka ushahidi. Wewe weka ushahidi."

Ndipo alipoacha kurudisha dizeli safi tangini. Kila chupa aliiweka kama ilivyotoka, juu yake na chini yake, asije mtu akamwambia ameongeza maji ya kisima.

Alhamisi hiyo ya chupa ya thelathini na nane, saa nne asubuhi, boza lilipanda kilima likiunguruma.

"Mama Chupa! Baa bado hujafungua tu?" dereva alimtania. Ndiye aliyempa jina hilo, na jina likashika.

Hakucheka. Alipanda juu ya boza na fimbo ya kupimia, ncha yake ameipaka dawa ya njano iliyobaki, ile ambayo ikikutana na maji hugeuka nyekundu. Akaitumbukiza mpaka chini. Alipoitoa ilikuwa nyekundu upana wa kiganja.

"Haya sipokei."

"Mama, mimi nabeba nilichopakiwa. Wakinipakia maziwa, nitakuletea maziwa."

"Basi tuyaache yatulie, tukinge maji kwanza huku huku kwenye boza."

"Yatulie mpaka lini? Nina minara sita mbele." Akabonyeza simu, akampa. "Ongea na mkubwa wako."

"Saini," sauti ya msimamizi ilisema.

"Bosi, dawa imekuwa nyekundu mpaka—"

"Umekuwa fundi rangi? Saini, mama. Mnara ukizima kwa kukosa mafuta nitaandika kwamba mlinzi alikataa kupokea. Na mlinzi, kama nakumbuka vizuri, alishazikwa."

Mwenye nguvu mpishe. Akasaini jina la mumewe, na mkia wa herufi ya mwisho akaukunja kama marehemu alivyokuwa akiukunja.

Jumapili, saa saba mchana, pikapu ya kampuni iliingia bila taarifa. Msimamizi alishuka, nyuma yake mkaguzi kutoka makao makuu mwenye viatu visivyojua tope. Mama Chupa alifurahi, na furaha yake ilikuwa ya kweli: mwishowe mtu amekuja kuona. Alizifuta chupa kwa kanga yake, akazipanga juu ya benchi kwa tarehe. Zilikuwa arobaini na moja.

"Nini hizi?" mkaguzi aliuliza.

"Ushahidi, mkubwa."

Mkaguzi akafungua moja, akanusa. "Hii ni dizeli."

"Juu dizeli, chini maji. Tazama hii ya Ijumaa, baada ya boza, maji yamefika nusu—"

"Dizeli ya nani?"

"Ya kampuni."

"Na ilitakiwa iwe wapi?"

Mama Chupa akamgeukia msimamizi. "Si wewe, bosi, uliyeniambia niweke ushahidi?"

"Nilisema ushahidi," msimamizi alijibu, akikagua kucha zake. "Sikukutuma kuchota."

Ndipo alipojua jinsi alivyopakwa mafuta kwa mgongo wa chupa. Mkaguzi alikuwa ametumwa kutafuta dizeli inayopotea kilimani, na hapa ameikuta, tena imepangwa kwa tarehe.

"Jina la mlinzi?"

Akalitaja.

"Hilo jina la mwanamume. Yuko wapi nizungumze naye?"

"Kaburini, mkubwa. Mwaka wa tatu."

Kalamu ilisimama. "Sasa wewe hapa ni nani?"

"Hilo tutalishughulikia," msimamizi aliingilia. Kalamu ikaendelea. Mlinzi, wizi wa dizeli, chupa arobaini na moja. Miaka kumi na mmoja ya kupiga magoti, na marehemu akawa mwizi.

"Mafuta yarudi tangini, ni mali ya kampuni," mkaguzi alisema. "Chupa tunaondoka nazo, ni kielelezo."

Mama Chupa alisimama mbele ya tangi, mikono ameitandaza. "Mkubwa, mimina ya juu tu. Nipe saa moja niyatenge. Jenereta inavuta karibu na chini, na leo Jumapili, mwanangu—"

"Pisha, mama. Kila kitu kirudi kama kilivyotoka."

Dereva wa pikapu alizimimina moja baada ya nyingine, akizigonga matako ili utando mweusi nao utoke. Alipomaliza aliuliza kama achote kidogo humo humo, kwa kuwa mshale wa mafuta wa gari ulikuwa chini.

"Hapana," msimamizi alisema upesi. "Tutajaza mjini."

Mkaguzi alikuwa akifunga faili. Hakuinua kichwa. Mama Chupa aliambiwa chumba akiache wazi kabla ya Jumatano, ufunguo ampe dereva wa boza.

Saa kumi simu iliita.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Mzima?"

"Mama, leo usiniulize kitu. Kesho wananihamisha nyumba nyingine, mji mwingine, na simu hii inabaki huku. Nimepata namba ya huko. Andika haraka."

Alinyakua penseli na roli ya plasta. Nje jenereta ilikohoa mara moja.

"Sema."

"Sifuri. Nne." Jenereta ikakohoa tena, ikavuta pumzi ndefu. "Nane. Mama, unanisikia? Kisha—"

Kilima kizima kikanyamaza.

Alibaki na simu sikioni kwa muda. "Nakusikia," alisema. "Nakusikia, mwanangu, kisha nini?"

Baadaye alitoka na kikombe chake cha chai, kwa kuwa chupa hazikuwepo tena. Alipiga magoti penye zege. Kwa mazoea alikata kipande cha plasta na kukibandika kikombeni: sifuri, nne, nane. Akafungua koki. Yakatoka maji. Kikombe kikajaa, akamwaga, akakinga tena, na bado yalikuwa maji.