Kisanduku cha Kaskazini

Kampuni ilikuwa na viwanda vinne vya kupasua mbao, kimoja kila kanda, na stoo moja tu pale makao makuu. Mtunza stoo alikuwa msichana aliyeishia darasa la saba. Walimwita Kimya, maana aliweza kushinda kutwa nzima asiseme zaidi ya "shikamoo" na "weka sahihi hapa". Yeye ndiye aliyejaza visanduku vya huduma ya kwanza. Kiwanda kikimaliza bandeji zake, kinarudisha kisanduku kitupu, kinapewa kilichojaa. Huna kitupu, hupewi kitu, hata ulie.

Asubuhi hiyo shangazi yake, msimamizi wa kiwanda cha kusini, alikuwa ameitwa kikaoni. Daftari lake la ajali lilionyesha majeruhi na wagonjwa arobaini na mmoja kwa mwaka. Mashariki walikuwa kumi na wawili, magharibi tisa, kaskazini hakuna hata mmoja. Saa nne meneja angemkabidhi msimamizi wa kaskazini kikombe cha usalama kazini, na shangazi angekabidhiwa barua ya kuachishwa kazi.

"Arobaini na mmoja, shangazi?" Kimya alimwuliza alipopita stoo kumjulia hali.

"Mtu akichomwa na kibanzi, naandika. Akikohoa kwa vumbi la mbao, naandika. Mficha maradhi, kilio humuumbua." Shangazi akakaza kilemba chake. "Basi leo mimi ndiye naumbuka. Niombee, mwanangu."

Hakuwa hata amemaliza ngazi, dereva wa kaskazini akaingia stoo na kisanduku kwapani.

"Nijazie upesi, dada. Nataka nikamwone Bwana Sifuri akipewa kikombe chake."

Kimya akafungua. Ndani kweupe, hata plasta moja ya kusingizia haikubaki. Kwenye kifuniko palikuwa na alama ya kidole gumba, ya damu iliyokauka.

Kisanduku hiki si nilikijaza wiki iliyopita?

Akalivuta daftari la stoo, akaanza kuhesabu sahihi, kidole kikishuka mstari kwa mstari. Akarudia, maana hakuamini. Kisha akakikumbatia kisanduku na daftari, akatoka mbio, akipanda ngazi mbili mbili, dereva nyuma yake akiuliza kulikoni.

Aliingia bila hodi. Meneja alikuwa amesimama na kikombe mkononi.

"Kiwanda kisicho na majeruhi kimemaliza visanduku thelathini na nane," Kimya alisema, akihema. "Cha shangazi, chenye majeruhi na wagonjwa arobaini na mmoja, kimemaliza kumi na viwili. Sahihi zao hizi hapa."

Watu wakatazamana. Wengine ndiyo kwanza wanaisikia sauti yake.

Bwana Sifuri akacheka kidogo. "Binti, bandeji zile tunafungia mabomba yanayovuja."

"Na dawa ya kidonda? Bomba nalo linapakwa?"

Msimamizi wa mashariki akapaliwa na chai. Meneja hakucheka. Alikuwa akimtazama dereva pale mlangoni, aliyeuficha mkono wa kushoto mgongoni.

"Hebu huo mkono."

Dereva akamtazama bosi wake, akautoa. Vidole viwili vilikuwa vimefungwa pamoja, bandeji imegeuka rangi ya udongo.

"Gogo lilinibana Jumatatu, mzee. Kwetu ukiandikwa kwenye daftari, kesho yake huna kazi. Kwa hiyo tunafungana wenyewe kwa wenyewe."

Kikombe kikarudi mezani. Meneja akaichukua ile barua, akaichana vipande vinne.

"Mama," akamwambia shangazi, "mchana huu tunakwenda kaskazini. Njoo na daftari lako, ukawafundishe kuandika."

Lakini shangazi hata hakushukuru. Macho yake yalikuwa kwenye kidole cha mpwa wake. Katika zile mbio kifuniko kilikuwa kimembana, na ukucha ulikuwa unavuja damu bila mwenyewe kujua.

"Hapa makao makuu mna daftari la ajali?"

"Lipo," meneja akasema. "Miaka sita sasa, halijaandikwa kitu."

"Naliomba."

Likaletwa, likapanguswa vumbi. Shangazi akafungua ukurasa wa kwanza, akatoa kalamu yake.

"Namba moja. Mtunza stoo, kidole cha shahada. Chanzo cha ajali nini, mwanangu?"

Kimya akafikiri, huku kicheko kikimpanda.

"Mbio," akasema.