Kware Themanini wa Mahari

Mimi Nyangi niliolewa kwa kware themanini. Cheka kwanza, ukimaliza nikusimulie. Mwaka ule hapa Butiama hakuna aliyekuwaga anacheka, watu walinionea wivu waziwazi.

Ng'ombe ndio walitangulia, kama inavyotakiwa. Mchumba wangu Prosper alileta kumi na mmoja kutoka kwao Suguti, wakakaa zizini kwetu siku tatu. Kaka yangu Mwikwabe hata kula alisahau. Alikuwa anawazunguka, anawapapasa migongo, anacheka peke yake, kwa sababu kwetu ng'ombe wa mahari ya dada ndio kaka anaowatumia kuoa. Hao angewaswaga moja kwa moja hadi kwa Mzee Kasmiri, ng'ambo ya mto, akamchukue Ghati, msichana waliyependana tangu shule ya msingi. Jike mmoja mwekundu, pembe yake imepinda hadi karibu na jicho, alimpa jina la Shemeji, eti kwa kuwa ameletwa na shemeji yake.

Siku ya nne baba akawarudisha.

Umesikia vizuri. Mzee Werema, baba yangu mzazi, mtu aliyekuwa anawaza ng'ombe hata kanisani, alimwambia Prosper, "Mwanangu, hawa kwato tu. Niletee kware."

Usimshangae peke yake. Kware, kindege cha kujaa kiganjani, jike lake lilikuwa linauzwa bei ya mbuzi mzima, na wiki iliyofuata bei ya mbuzi wawili. Mayai yake, walisema, yanaondoa presha, kisukari, mpaka uzee. Musoma mjini mwalimu aliuza bodaboda yake akajenga vizimba. Jirani yetu aliwahamisha watoto chumbani ili kware walale kwenye joto. Na mimi, jamani, nisidanganye, nilikuwa natetemeka kwa furaha. Niliona mbingu imefunguka juu ya Mara, na sisi tuliokuwa tunalima mihogo miaka yote tumekumbukwa.

Prosper akaniambia tufuatane Bunda. Mtaa wa Nyasura alikuwepo mfugaji mmoja, Mama Gibson, wa kwanza kabisa kufuga kware mji ule. Tukamkuta anafagia uani. Prosper akataka kwenda kuuza ng'ombe mnadani kwanza, arudi na hela. Mama Gibson akaweka ufagio chini.

"Hela ya nini? Nileteeni ng'ombe wenyewe. Nawapa themanini, na vizimba juu."

Weee! Tulikanyagana miguu kwa chini ili tusicheke. Mwenye kware anaomba ng'ombe! Nikamuuliza, "Mama, mbona unawaachia ndege wakati bei inapanda?"

Akaniangalia kwa huruma, naikumbuka mpaka leo. "Binti yangu, zamani walikuwa wanakuja kuniuliza mayai. Mwezi huu hajaja hata mmoja wa mayai. Wote wanataka ndege."

Nikaona mama wa watu amezeeka, akili imechoka. Mimi!

Ng'ombe wakapelekwa Nyasura, na kware wakaletwa kwa pikapu, Gibson mwenyewe anaendesha, kijana mpole, shati limenyooshwa. Kijiji kizima kilijaa kwetu, Ghati naye akaja kusaidia kushusha vizimba. Baba akawapisha kware chumbani kwake, yeye akalala sebuleni. Alikuwa anakaa mbele yao na taa, mdomo wazi, anasikiliza wanavyolia. "Nyangi," aliniambia, "mimi nimechunga miaka hamsini. Hivi Mungu alikuwa ameficha utajiri wote huu ndani ya kitu kidogo hivi?" Machozi yalikuwa yanamlengalenga. Nampenda baba yangu, na siku ile nilimpenda zaidi.

Mzee Kasmiri akakubali kupokea kware badala ya ng'ombe. Alitaka sitini. Mwikwabe akaruka juu, akaanza kufunga vizimba kamba.

"Tulia," baba akasema. "Ngoja Jumatatu. Jumatatu watatosha arobaini."

Mwikwabe alimsihi karibu alie. Lakini Jumatatu ilipofika, toba, mzee alikuwa amesema kweli! Bei ilikuwa imepanda, na Kasmiri akakubali arobaini. Tukamtazama baba kama nabii. Na sasa sikiliza ubaya wa jambo hili: aliyesema tungoje Jumatatu nyingine hakuwa baba. Alikuwa Mwikwabe. "Watatosha thelathini," alisema, macho yanamng'aa, "hamsini wanabaki kwetu." Mimi nikampigia makofi.

Jumatatu hiyo ya pili Mwikwabe na mimi tukapeleka kware kumi na mayai Musoma, tupime bei. Kona ya soko walipokuwa wanasimama wanunuzi ilikuwa imejaa watu, nikafurahi. Tukasogea. Kila mtu ameshika kizimba. Yule mwalimu yupo, jirani yetu yupo, wote wana vizimba, wote wanatazama barabarani. Sijawahi kuona watu wengi vile wamenyamaza sokoni. Hakuna ndege aliyekufa, hakuna tangazo lililotoka, na mayai yalikuwa yaleyale ya juzi. Ila wote tulikuwa wauzaji. Nikajiuliza, hivi katika miezi yote hii, nimewahi kumwona mtu mmoja akila yai la kware? Sikumkumbuka hata mmoja.

Jioni mama lishe mmoja alichukua kumi wote kwa bei ya kuku mmoja, akawakaanga. Mzee Kasmiri alipopata habari alituma neno moja tu: ng'ombe.

Ghati alisubiri mwaka na miezi minne. Mwikwabe alichimba dhahabu, alibeba mizigo mwaloni, boti za ziwani zinapotia nanga, akapata ndama mmoja tu. Simlaumu Ghati. Kama ni lawama, mimi ndiye niliyepiga makofi.

Siku ng'ombe wa mahari ya Ghati walipokuja, nilikuwa nyumbani kumsalimia baba. Fuso iliwashushia barabarani, wakaswagwa kupita mbele ya kwetu, na anayewaswaga, shati limenyooshwa vilevile, ni Gibson wa Nyasura. Alikuwa hajamsahau msichana aliyemsaidia kushusha vizimba. Baba alisimama mlangoni. Niliona midomo yake ikihesabu, na ilipofika kumi na mmoja ikaacha.

Kisha jike jekundu lenye pembe iliyopinda likatoka kwenye kundi. Likakata kona kwenye geti letu, likaingia zizini, likasimama palepale lilipokuwa linalala zile siku tatu. Gibson akabaki getini na fimbo yake, maana habari za Mwikwabe na Ghati alikuwa hazijui.

Mwikwabe akaingia zizini. Akamshika shingo, akasimama naye kidogo, ametugeuzia mgongo. Nikadhani atafunga lango. Mungu nisamehe, niliomba alifunge.

"Twende, Shemeji," akasema. Akamtoa mwenyewe, akamsindikiza hadi ng'ambo ya mto, akamwingiza zizini kwa kina Ghati.