Injini Iliyoweka Akiba

Fundi alitandaza maboksi chini ya gari, akalala chali, akaingiza kichwa uvunguni kama mtu anayetafuta kiatu kilichopotea. Ilikuwa Jumamosi asubuhi. Jana yake alikuwa amefungua nati ya chini na kumwaga oili, kisha akaiacha injini idondoshe mabaki usiku kucha, kama wafanyavyo mafundi wasiopenda kuoga mara mbili. Sasa alilegeza bolti za sampu, lile bakuli la chuma linalokaa chini ya injini, akalishusha kwa mikono miwili. Lilikuwa limejaa hadi ukingoni.

"Dada," aliita bila kupaza sauti. "Niletee kitu cha kukingia."

Kitindamimba wa nyumba ile aliingia ndani akatoka na beseni. Ndiye aliyemwita fundi. Alikuwa amemaliza chuo na kupata kazi, na jambo la kwanza alilotaka kufanya ni kuliamsha gari la baba yake. Lilikuwa gari la zamani la rangi ya maziwa, lenye taa za duara na viti vilivyonukia ngozi na jua, na lilikuwa limelala bandani chini ya turubai tangu yeye akiwa shule ya msingi. Baba yake alikuwa amesema angependa kuisikia sauti yake mara moja tena, masikio yangali wazi.

Beseni lilijaa. Akaleta ndoo, nayo ikajaa.

"Kwani injini hii inachukua oili kiasi gani?" aliuliza.

"Nusu ya hilo beseni," alisema fundi. "Na tuliitoa jana. Sogeza hiyo sufuria."

Fundi hakushangaa. Aliwahi kufungua injini akakuta kiota chenye mayai ya moto, na nyingine ilikuwa ikikohoa kikohozi cha marehemu mwenye gari, hadi mjane akaomba isitengenezwe. Alisema kuna injini zinazokula oili na kuna zinazoiweka. Zinazoiweka ni chache.

Mama wa nyumba alitokea mlangoni. "Sufuria hiyo ndiyo ninayochemshia maji ya kuoga baba yako."

"Tutaiosha, mama."

"Oili haioshwi, mwanangu, inahamishwa tu. Leo iko kwenye sufuria, kesho iko mgongoni kwa baba yako." Lakini alirudi ndani akatoka na madumu matatu matupu, na faneli.

Kufikia mchana silinda hedi, kile kifuniko cha juu cha injini, ilikuwa juu ya meza, pistoni zimepangwa kwenye gazeti, na oili bado inatoka. Ilitoka kwenye matundu ya bolti, ilitoka kwenye njia nyembamba za ndani ya mhimili wa krenki, bila haraka, kama asali inayojua itafika. Haikuwa nyeusi. Dumu moja lilikuwa na rangi ya chai ya rangi, jingine rangi ya majani makavu, jingine karibu na dhahabu. Fundi alisugua tone kati ya kidole na kidole.

"Hii haijafanya kazi hata siku moja," alisema. "Iliingia ikajificha. Nani alikuwa anaiongeza?"

"Dereva."

"Na kila ikipimwa imepungua?"

"Ndiyo," alisema Kitindamimba. "Ndiyo maana alifukuzwa."

Fundi alipangusa mikono kwa tambara, kisha akaendelea kufungua.

Dereva yule aliitwa Taratibu. Jina lake la kweli lilikuwepo, ila hakuna aliyelihitaji. Hakupita kwenye dimbwi kwa kasi kama kuna mtu kando ya barabara. Watoto wa nyumba ile wote aliwapeleka shule, na mvua ikinyesha aliwavua soksi na kuzianika juu ya boneti yenye joto, ili wakitoka darasani wavae kitu kikavu. Kitindamimba alikuwa na mto wake wa kukalia kiti cha mbele, na kwenye kona ya duka la mikate aliruhusiwa kupiga honi. Hadi leo, akipita kona ile kwa miguu, mkono wake wa kulia huinuka wenyewe.

Kila wiki Taratibu aliongeza oili, na kila wiki kijiti cha kupimia kilisema imepungua. Sakafu ya banda haikuwa na doa. Bomba la nyuma halikutoa moshi. Mzee, baba wa nyumba, alisema oili haina mbawa. Hakuita polisi, na hilo alilihesabu kuwa huruma. Aliwaambia tu watu waliouliza kwa nini amebadilisha dereva, na waliouliza walikuwa wengi. Baada ya hapo hakuna aliyempa Taratibu ufunguo wa gari.

Kitindamimba alinawa kwa sabuni ya unga na mchanga, akaenda kumtafuta. Alimkuta nyuma ya soko, katika kibanda chake cha kupiga pasi, ameinamia ukosi wa shati la mtu.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba." Alimtazama chini kwanza, kisha juu. "Miguu imekuwa mirefu. Sasa hivi ungefikia pedali."

"Tumefungua injini. Oili imo."

Taratibu alimaliza ukosi, akageuza shati. "Yote?"

"Bado inatoka."

"Nilidhani itakuwa imekunywa kidogo," alisema. Alimwaga makaa ya pasi kwenye jivu, akafunga kibanda.

Nyumbani, vyombo vilikuwa vimepangwa kando ya ukuta. Taratibu alisalimiana na fundi, akapita akichovya kidole, akinusa, kama mama anayewakagua watoto kabla ya kwenda kwenye sherehe.

"Hii ni ya wakati dada yako mkubwa anaolewa. Mvua njia nzima, na bibi harusi anataka madirisha wazi, watu wamwone." Akasogea. "Hii ni ya kukuleta wewe kutoka hospitali. Baba yako aliniambia niendeshe kama nimebeba mayai. Nikaendesha hivyo hadi mwenda kwa miguu akatupita, akatupungia." Mbele ya dumu la mwisho alisimama, hakuchovya. "Na hii nilipewa niiongeze siku ile niliyofukuzwa."

"Nataka Mzee aione," alisema Kitindamimba. "Nataka akuambie mwenyewe kwamba hukuiba."

Taratibu alifuta kidole chake kwenye suruali, mahali ambapo doa halitaonekana.

"Itakuwa vizuri," alisema. "Shuleni wanangu waliitwa watoto wa oili. Niliona wamekua, nikasema jina hilo limekufa. Mwezi huu mjukuu wangu amerudi analia, naye ameitwa."

Wakamleta Mzee. Alitembea kwa fimbo, lakini kichwa chake kilikuwa kizima. Alisoma gazeti bila miwani na kukumbuka deni la kila mtu wa mtaa ule. Alikaa kwenye kiti barazani akatazama mstari wa vyombo, kuanzia beseni hadi sufuria ya maji yake ya kuoga.

"Yote?" aliuliza.

"Yote, baba. Ilikuwa ndani ya injini. Haikutoka kamwe."

"Ndani kabisa, Mzee," alisema fundi. "Mimi mwenyewe nimeikinga."

Mzee alitikisa kichwa kukubali. Kuamini hakukumpa taabu. Alimtazama Taratibu, na uso wake ukalainika kuliko binti yake alivyowahi kuuona.

"Umeirudisha," alisema.

"Baba, ilikuwa ndani ya—"

"Nimesikia, ilikuwa ndani. Mtu hurudisha pale alipochukua. Ameona haya kupita mlangoni, akapitia kwenye injini. Wangapi wanarudisha siku hizi?" Alimnyooshea Taratibu mkono. "Nimekusamehe."

Taratibu aliupokea mkono, maana mkono wa mzee hauachwi hewani. "Mimi sikuchukua, Mzee," alisema polepole.

"Yamekwisha." Mzee aliupigapiga mkono ule. "Mtu akirudisha, haulizwi tena. Mama, hakuna chai?"

Chai ikaja. Mzee alimuuliza Taratibu habari za magoti. Wakakumbuka lile daraja la mbao lililopiga kelele kama meno ya baridi, na siku breki zilipogoma mbele ya ng'ombe, na ng'ombe akawatazama kwa dharau. Wakakumbuka jinsi gari lilivyoguna asubuhi kabla ya kuwaka, wakaliigiza wote wawili, mguno uleule, wakacheka pamoja. Kitindamimba alikaa kwenye ngazi na kikombe chake. Alikuwa akisubiri neno jingine. Kila baba yake alipovuta pumzi alidhani ndilo hilo, na kila mara likawa habari ya barabara. Chai ikapoa, ikatanda ngozi juu.

"Baba," alisema mwishoni, kwa sauti ndogo. "Hakuiba."

"Ndiyo maana nimemsamehe," alisema Mzee.

Jirani alikuja na kopo kuomba oili ya bawaba. Mwingine aliomba ya kupaka nguzo za uzio, mchwa wasizile. Mama aligawa, akawaambia wasidondoshe njiani. Fundi aliomba chombo kingine. Jua liliposogea Taratibu aliaga, na Mzee akasema asiondoke mikono mitupu, apewe naye dumu moja, tena lililojaa.

Kitindamimba alimfuata hadi getini na gunia. "Tulifunike, baba."

"Ukilifunika ndipo litaonekana."

"Basi acha nikubebee."

"Ukinibebea watasema nimekufundisha."

"Liache hapa, basi."

"Nikiliacha, baba yako atasema nimekataa msamaha." Alikaza kifuniko, akalipima uzito mkononi. "Kaa, mwanangu. Kaisikilize sauti ya gari likiwa tayari. Ilikuwa sauti nzuri."

Akatoka. Ng'ambo ya barabara mwenye duka alikuwa amekaa kwenye kreti, mahali alipokaa miaka yote. Alimtazama mtu, akalitazama dumu, akacheka bila ubaya wowote, kama mtu aliyekutana na rafiki wa zamani.

"Taratibu! Kumbe bado tu?"

"Bado," alisema Taratibu, akabadilisha mkono, akaendelea na safari upande wenye kivuli.